Gari Kubwa la Faraja

Jumatatu, 2 Juni

Zakaria, huna adabu. Mkwe anampigia mama mkwe simu alfajiri, nina ndoo ya maziwa mkononi, halafu anatoa neno la nyumba kama anaagiza mbao. Neno kama hilo unakuja nalo kwa miguu. Unavua kofia, unakaa, unaanza na salamu. Baba yako alilijua hilo.

Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo Mama Kastori, jirani yangu, anasikia mpaka mwisho. Darasa la nne langu linatosha kwa kazi hii.

Neno lenyewe: Jumapili anakuja hapa Njombe na mke wake mpya, huyo Stella wa Makambako. Mjukuu wangu Faraja anatimiza miaka minne siku hiyo. Tulipomaliza matanga ya mwanangu Anna, mama yake Faraja, tulikaa na wazee tukakubaliana: mtoto alelewe na mimi mpaka aweze kujisemea, halafu aulizwe mbele yetu sote anataka kukaa na nani. Wazo lilikuwa langu. Nilijivunia. Faraja alikuwa hajaota hata jino, nikaona siku hiyo iko mbali sana.

Sasa imefika. Na Zakaria kaongeza: "Mwambie namletea gari la rimoti, mama."

Gari la rimoti! Siku ya kuulizwa! Anadhani sijui mtu anavyonunuliwa. Nimeshaona wagombea wakigawa kanga.

Hasira tupu. Maziwa yameungua.

Jumanne, 3 Juni

Akileta gari, mimi nitakuwa nimeshaleta kubwa zaidi. Basi.

Faraja anapenda magari kuliko chakula. Malori ya mbao yakija anakimbilia ukingo wa barabara kuyatazama, mikono masikioni kwa baridi. Nimemfumia kofia mbili za sufu, bado anashika masikio. Baridi ya huku haina huruma.

Nimeuza parachichi, nikaenda kwenye duka la midoli pale sokoni. Magari mpaka darini. Binti wa duka ana kucha ndefu, sijui anafuaje. Kauliza mtoto ana miaka mingapi. Minne. Wa kiume? Wa kike, kwani gari linauliza? Kacheka. Kanitolea kigari cha mpira, cha duara kama kobe. Rimoti yake ina vitufe viwili tu, vikubwa: kimoja kwenda, kimoja kugeuka.

"Bibi, hiki ndicho cha kuanzia. Hakiendi mbio, na betri zimefungwa kwa skrubu, hawezi kuzitoa akatia mdomoni."

Nikamwambia mjukuu wangu si mgonjwa. Nikaonyesha lile la juu kabisa. Jeusi, magurudumu kama ya trekta, taa, honi, linanguruma.

"Hilo ni la miaka minane, bibi. Imeandikwa hapa kwenye boksi."

Boksi linamjua Faraja?

Nimelinunua. Halikuingia kikapuni. Nimelibeba kichwani mpaka kwa bodaboda, watu waone.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya.

Ukungu ulipoondoka nilimkalisha Faraja kwenye kigoda uwanjani, nikampa rimoti. Mikono yake haikuizunguka. Ina vijiti viwili na vitufe sijui vingapi, kaishika kama sahani ya moto. Nikamnyang'anya. Nikabonyeza mwenyewe.

Gari liliruka. Sisemi lilikwenda, liliruka. Likanguruma, likawasha taa, likapiga honi, likatawanya kuku, likageuka. Mimi navuta kijiti huku, lenyewe linakuja huku. Likagonga kigoda. Faraja akaanguka chali.

Kwanza hakulia. Mdomo wazi, sauti haitoki. Halafu akashika masikio, akapiga yowe. Akajikojolea. Akakimbilia jikoni nyuma ya kuni. "Lifunge, bibi! Lifunge kamba!"

Nikamfokea. Nikasema mwoga wewe, mama yako hakuwa hivi. Mtoto ambaye hata minne hajatimiza, na mama yake nimemtaja kwa jambo kama hilo.

Kala kwa Mama Kastori. Uwanjani hapiti, anazunguka nyuma ya nyumba kwenye matope.

Alhamisi, 5 Juni

Gari nimeliweka stoo nyuma ya magunia ya mahindi. Faraja kauliza kama limelala. Nimesema limelala. Akifika mlango wa stoo ananyata.

Mchana alipolala nimelitoa, nikaenda nalo shambani kwenye viazi. Nilitaka nijue kulipeleka polepole, Jumapili nimwonyeshe kwamba halina neno. Haliwezi. Mwendo ni mmoja tu, wa wazimu. Limekwama kwenye tuta, magurudumu yanarusha udongo, nimetapakaa usoni.

Mama Kastori kasimama kwenye ua wake. "Bibi Faraja, leseni umeshapata?"

"Nimepata. Sogea nisikugonge."

Kacheka mpaka kaketi chini. Mimi sikucheka. Jumapili mtoto wangu ataulizwa, na akinitazama ataliona lile dude jeusi. Nimejimaliza kwa mkono wangu.

Ijumaa, 6 Juni

Faraja nimemwacha kwa Mama Kastori. Nimesema naenda Makambako kuulizia bei ya viazi. Uongo. Nimekwenda kumtazama Stella. Nilitaka nimkute mchafu, au mvivu, au mwenye mdomo, nipate la kuwaambia wazee.

Makambako upepo na vumbi, malori yamelala kila upande. Nimemkuta barazani kwake, anashona. Cherehani, vitambaa vimekunjwa, sakafu ya simenti imefagiliwa inang'aa. Kashuka kitini, kapiga goti. "Kamwene, mama." Kibena chake kibovu, ni Mpangwa wa kule Ludewa. Goti lake zuri.

Zakaria hakuwepo. Kigari kilikuwa sakafuni. Kilekile cha kobe! Cha mpira, vitufe viwili. Kakiendesha nikione. Kinakwenda kama bata aliyeshiba, kikigonga ukuta kinageuka. Kimya kabisa. Nikauliza, hakina sauti, ndiyo maana kilikuwa rahisi?

Kakigeuza tumbo. Kwenye matundu ya sauti kabandika kitambaa, juu yake plasta.

"Kina muziki, mama, na honi. Nimekiziba. Ile Pasaka tuliyokuja nilisimama na Faraja barabarani. Malori anayapenda, ila honi inamtisha. Anaziba masikio kabla lori halijafika. Nikasema nikizibe kabla hajakisikia."

Kabla lori halijafika. Baridi haimpati mtu lori linapokuja tu, halafu ikamwacha likipita.

Kofia mbili nimefuma.

Kanipikia chai ya tangawizi. Nimekunywa vikombe viwili. Kuhusu gari langu sikumwambia. Nimemwambia pindo la gauni analoshona limepinda. Halikuwa limepinda.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi tukiwa peke yetu jikoni nimemuuliza Faraja: kesho babu Lukas akikuuliza unataka kukaa na nani, utasema nini?

Kanitazama usoni, macho, mdomo, macho tena. Kauliza, "Bibi, una hasira?"

Anapima uso wangu kwanza ndipo ajue la kusema. Sikuuliza tena. Siku nzima sikuweza kula.

Jumapili, 8 Juni

Wamekuja baada ya misa. Zakaria kavua kofia, safari hii. Stella. Mjomba wake Zakaria. Upande wangu mzee Lukas, kaka wa marehemu mume wangu.

Stella kampa Faraja kigari kabla ya maneno yoyote. Katoa plasta kidogo, kamwachia asikie mara moja kwa mbali, kaziba tena. Faraja kabonyeza. Kimekwenda. Masikio hakushika. Alicheka, kile kicheko cha tumboni ambacho sijakisikia tangu Jumatano.

Ila sakafu yangu ni ya udongo, ina mabonde na vidonda vya mchi. Kila hatua kigari kinakwama. Faraja anakiinua, anasema kimechoka, anakiweka tena, kinakwama tena. Mwishowe kakifunga mgongoni kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Niliona aibu kwa sakafu yangu. Wageni wote waliitazama.

Mzee Lukas kakohoa. "Faraja, njoo hapa katikati, mama."

Kaja na kigari mgongoni. Kamtazama baba yake. Kamtazama Stella. Kanitazama mimi, macho, mdomo, macho. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Uleule mdomo wa Jumatano.

Nikasema, "Msimuulize."

"Shemeji," mzee Lukas kasema, "neno hili ulilileta wewe."

"Nililileta mimi, nalirudisha mimi. Huyu hachagui mtu. Anachagua gari, au anachagua nani asimfokee. Watu wazima tumejaa humu ndani, tuseme wenyewe."

Wakanigeukia wote, wananingoja. Hapo ningeweza kusema abaki. Wasingenikatalia. Nilimwona Stella ameinamisha kichwa, mkono wake uko nyuma ya mtoto anashikilia kitambaa kisilegee. Yeye amemwona Faraja mara moja akayaona masikio. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii nikaona baridi.

Nikasema aende kwa baba yake.

Zakaria kaanza kulia. Nimemwambia anyamaze, anamtisha mtoto.

Nguo nilizifunga mwenyewe. Masweta, soksi, lile gauni la kanisani. Faraja alishika sketi yangu, nikavitoa vidole vyake taratibu. Kofia zote mbili nimempa Stella mkononi. Alijua, nimemwona alivyozitazama. Kamvisha moja palepale, kafunika masikio vizuri. Ana adabu kuliko mumewe.

Sikulia mbele yao.

Jumatano, 11 Juni

Maziwa yanabaki. Nimempa Mama Kastori. Hakufanya utani, kayapokea tu.

Stella kapiga simu jioni, kampa Faraja. Kauliza lile kubwa bado limelala? Nimesema bado. Kasema, "Usiliamshe." Nimemwahidi. Halafu kaendesha kigari karibu na simu nisikie. Sikusikia kitu, kimezibwa. Nimesema nimesikia.

Gari kubwa nimelitoa betri, nimelirudisha kwenye boksi, nimelipandisha darini. Litakaa huko mpaka afike minane. Boksi lilimjua.

Zakaria kasema watamleta mwisho wa mwezi, alale siku kadhaa. Atakuja na kigari chake.

Nimepiga magoti sebuleni nikapapasa sakafu kwa kiganja, pale kilipokwama na pale kilipokwama tena. Mabonde ni mengi kuliko nilivyodhani.

Ayubu fundi, kesho asubuhi uje, na usinipe habari za kazi nyingine uliyoshika. Sebule yote isakafiwe kwa simenti, laini, bila mteremko. Kizingiti cha kati kitolewe. Mchanga uchekeche, sitaki kokoto hata moja. Na uwahi, kwa baridi hii simenti inachelewa kukauka.