Kinyesi cha Bihogo

Mpendwa Mama Judica, shikamoo. Nisaidie, maana nimekwama na wa kumwambia sina. Mimi ni mke wa mtu, naishi Kitendaguro, kazi yangu ni ya maabara, tunafanya utafiti wa minyoo ya ini kwa ng'ombe, yaani wafugaji wanatuletea kinyesi cha ng'ombe wao, mimi natafuta mayai ya minyoo kwa hadubini, ng'ombe mwenye mayai anapewa dawa tunayoijaribu na asiye nayo anaachwa, na kwa kuwa mama mkwe wangu, Ma Kokubanza wa Rubafu, ananipenda kuliko hata mwanawe, nikamwingiza na yeye na ng'ombe wake Bihogo, ambaye mbolea yake ndiyo inayolisha kibanja chote cha migomba. Kila mwezi kichupa kilikuja kimefungwa vizuri kwa jani la mgomba kama zawadi ya senene, na kila mara majibu yalikuwa safi, nami nampigia simu kumwambia hongera, mama, Bihogo wako hana kitu, naye anafurahi mpaka anawaita majirani.

Wiki iliyopita nikaenda bila kutoa taarifa, nikamkuta anatoka zizini kwa jirani yake, Ta Aristides, kichupa mkononi. Hata hakushtuka. Aliniambia, "Mwanangu, cha Bihogo siku hizi ni majimaji tu, tena kinanuka. Wewe unakaa na madaktari, nikuletee kitu kama kile?" Nilicheka, Mama Judica, nikamkumbatia, kisha nikaenda kumwona Bihogo mwenyewe, amekonda, mbavu zinahesabika, na chini ya taya ana uvimbe unaoning'inia, na mimi uvimbe ule naujua, ni wa minyoo ya ini. Nikarudi mjini. Mume wangu Byarugaba anasema nikimwambia mama yake amekosea nitamvunja moyo na hatakanyaga tena kwetu, mkuu wangu Dokta Edvina kila siku anazisifu sampuli za Rubafu, nikisema ukweli nitaonekana mzembe, nisiposema Bihogo atakufa huku karatasi zetu zinasema ni mzima. Nampenda sana yule mama. Nifanyeje?

Alistidia, Kitendaguro

*

Marahaba, Alistidia mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikakasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Mama mkwe wako hakumdanganya mtu. Ulimwomba kitu, akakutafutia kizuri kuliko vyote alivyoviona, akakifunga na jani. Ndivyo alivyolelewa, mtu wake wa mjini hapelekewi kibovu. Wewe ndiye uliyempa kichupa bila kumweleza unatafuta nini humo ndani, na kila kilipokuja safi ukampigia simu ukampongeza. Hongera ya nini? Umemfundisha mwenyewe kwamba safi ndiyo kufaulu, sasa unashangaa anafaulu kila mwezi.

Byarugaba mwambie anyamaze kidogo. Anaogopa mama yake atanuna, hajafikiria atakavyolia siku ya kumfukia Bihogo.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa hadubini, nenda kwa Dokta Edvina umwambie sampuli zote za Bihogo si za Bihogo, azitoe kwenye utafiti. Atakufokea. Vumilia. Kuna wafugaji watakaoiamini dawa hiyo kwa sababu ya hesabu zenu, nao wana ng'ombe wanaowapenda vilevile.

Ukitoka hapo mchukue daktari wa mifugo mwende Rubafu, maana uvimbe ule hausubiri majibu. Msalimie mama kwa magoti kama siku zote, ule alichopika, usikimbilie zizini kama polisi. Kisha vaa glovu, uchukue kinyesi kwa Bihogo mwenyewe, mama akiwa pembeni anatazama, hata kikikurukia kwenye gauni. Akiona aibu, mwambie hivi: "Mama, mimi kazi yangu ni kutazama kibaya. Kizuri hakiniambii kitu." Atakuelewa. Mtu aliyeweza kukwepa ubaya wa kinyesi kwa ajili ya heshima yako hashindwi kuelewa hilo. Tena ikiwezekana mlete maabara, umpe kiti, aweke jicho lake kwenye hadubini ayaone hayo mayai mwenyewe, ajue mkwewe anahangaika na nini kutwa nzima.

Na majibu yakitoka, mayai yakaonekana, usimtumie ujumbe wa maandishi. Mpigie simu kama ulivyozoea, na uanze na neno lile lile. Hongera, mama, safari hii ni cha Bihogo.