Sokwe Hula Nyama

Mpendwa Kemunto,

Hujambo huko Mombasa? Sisi hapa Sironga tuko salama. Ndizi zimeiva na babako amepona kikohozi. Umeniuliza kama kweli nilihamishwa shule kwa sababu ya sokwe. Ni kweli, na sijutii hata kidogo.

Kabla sijawa mwalimu, miaka ya sitini, niliishi Kigoma kwa kaka yangu aliyefanya kazi ya reli. Siku moja msituni tuliona sokwe akichomeka unyasi katika kichuguu, akiuchomoa umejaa mchwa, akiwala. Juu mtini wenzake walikuwa wakirarua mbega, aina ya tumbili, na kuitafuna nyama yake pamoja na majani.

Baadaye, nilipofundisha hayo darasani hapa Sironga na kuyaandika ubaoni, mwalimu mkuu alisimama mlangoni.

“Mwalimu Moraa, kitabu kinasema sokwe hula matunda tu. Futa hayo.”

“Matunda ndiyo anayokula zaidi, lakini nyama pia anakula. Nimeona.”

“Nimesema futa!”

“Futa wewe, Mwalimu. Mimi sifuti.”

Alifuta mwenyewe, watoto wakitazama. Niliogopa, maana mshahara ule ndio uliotulisha. Muda si mrefu nikahamishiwa shule ya Ikonge, babako, akiwa bado mchanga, nikiwa nimembeba mgongoni. Taabu za huko tuziache.

Asubuhi ya kwanza Ikonge nilichukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: SOKWE HULA MATUNDA, MCHWA NA NYAMA. Kisha nikaufungua mlango wa darasa wazi kabisa, ili kila apitaye asome.

Nakukumbatia,
Nyanya yako Moraa