Ufunguo wa Pili

Alhamisi, 13 Februari 2025

Nimesema hapana. Na nitaendelea kusema hapana! Baba Elinaza anataka mkopo wangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, umnunulie mdogo wake Ansbert bodaboda. Ansbert huyuhuyu aliyepewa bajaji akaitelekeza kwenye mataa ya Buguruni! Mimi nimeomba mkopo wa bati za mama, Muleba. Paa linavuja, analala na sufuria pembeni ya mto, na masika hayo yanakuja. Ati mume ndiye anayepanga. Hisa nanunua mimi, kwa ndizi ninazofuata sokoni Mabibo alfajiri nikauze. Apange mshahara wake.

Ijumaa, 14 Februari

Ufunguo haupo kwenye msumari.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, asije mmoja akalifungua peke yake. Wa pili ninao mimi. Bila huo, kesho kikaoni hakuna atakayepata mkopo, hata wenye wagonjwa. Nimemuuliza Baba Elinaza. Anakata kucha, hanitazami. "Labda umeupoteza," anasema.

Hapo nikajua kauchukua yeye. Anayepoteza ufunguo hupigwa faini, na ombi lake huwekwa kando. Anangoja nikawadanganye wenzangu ili nimsitiri yeye. Nina hasira! Simsitiri.

Jumamosi, 15 Februari

Naandikia jikoni. Sebule imejaa watu.

Kikao kilikuwa kwa Bi Chausiku, mwenyekiti wetu. Nikasimama, nikasema ufunguo haujapotea, anao mume wangu. Aibu niliisikia, uso ukawaka moto — lakini nilikuwa nimeshasema. Mwenzetu Raudha akataka kufuli ivunjwe. Bi Chausiku akakataa: tukivunja leo, kesho kila mwenye shida atakuja na nyundo. Akajifunga mtandio vizuri.

"Basi kikao kihamie kwenye ufunguo."

Tukaja wote kwangu, sanduku kwenye toroli, Kiwalani nzima inatutazama. Baba Elinaza alikuwa na kaptura, anaangalia mpira. Akazima tivii mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bi Chausiku.

"Marahaba, mwanangu. Leo tunakaa kwako."

Wakatandika mikeka mpaka mlangoni. Sanduku wameliweka miguuni pake. Hakuna aliyemuuliza kitu! Wanaongea bei ya mchele, harusi ya Najma, maji kukatika. Yeye katikati, mkono mfukoni. Raudha amenifuata jikoni kuuliza kama nina nazi, maana hawa hawaondoki bila kula. Nimecheka. Sikutegemea kucheka leo.

Sasa mume wangu ananiita. Mara ya pili. Sauti ya upole, sijaisikia tangu Krismasi. Anaomba tuongee kidogo chumbani, sisi wawili.

Nimemjibu kwa nguvu, wasikie wote: "Baba Elinaza, ongelea hapohapo, mie nakusikia."

Huko sebuleni wameacha bei ya mchele, wanamngoja autoe ufunguo. Naweka kalamu, nikune nazi.