Nilikwenda Macho, Nikapelekwa Wazazi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nusura nipimwe mimba! Nilikwenda hospitali kwa ajili ya jicho la kushoto. Mjukuu wangu, karani wa mapokezi, akaniandikisha mwenyewe. Karatasi ikatoka: WAZAZI. Sikusoma — ugonjwa wenyewe si ndio huo? Nikakaa na wenye matumbo saa nzima. Muuguzi akauliza, babu, umemleta nani? Nikamwambia nimejileta, uchungu umeanza. Wakacheka hadi mmoja akajishika kiuno. Nikaogopa atajifungua palepale.

Mjukuu hakucheka. Ni kosa la tano ndani ya mwezi mmoja. Msimamizi kampa barua: likitokea jingine, kazi basi.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu — ndivyo ninavyomwita mjukuu, bibi yake akinuna shauri yake — hajala. Anaapa: babu, nachagua Macho, naiona kabisa, ikichapwa imekuwa kitu kingine! Fundi wa kompyuta kasema mashine haina kosa, ni usingizi wa binti. Usingizi! Huyu aliyekuwa akiniamsha mimi kwenda kazini!

Jumatano, 6 Machi
Nimeipata! Nimeipata mimi, wa darasa la nne!

Nilikaa nyuma yake tangu asubuhi, nikijifanya nasubiri dawa. Skrini sikuihangaikia. Nilitazama kidole. Miaka arobaini ya cherehani: mwanafunzi akipindisha mshono, mimi naangalia mkono wake, si kitambaa.

Basi. Anabonyeza kisanduku cha idara, majina yanashuka kama pazia. Anachagua Macho, pazia linajifunga. Anazungusha kigurudumu cha kipanya ili fomu ishuke. Fomu haisogei ng'o! Kumbe kisanduku bado hakijamwachia, yanayozunguka ni majina, kimyakimya: Masikio, Meno, Mifupa... Yeye hana habari, foleni inamfokea. Anaburuta fomu kwa ule mstari wa pembeni, kisanduku kinapotelea juu, anachapa. Siku akibonyeza kwanza pale peupe pembeni, kinaachia, hakuna kosa.

Tumejaribu mara saba. Saba! Kanikumbatia mbele ya wagonjwa. Nimetembea kifua mbele hadi nyumbani, jicho halijatibiwa bado.

Alhamisi, 7 Machi
Tumemweleza msimamizi, kakataa katakata. Mzee, kompyuta umesomea wapi? Nikamjibu, kwenye cherehani. Kacheka. Kasema, nakuandikisha mwenyewe uone, halafu huyu binti akusanye vitu vyake.

Akakaa kitini kwa mbwembwe. Akachagua Macho, akaitamka kwa sauti, wote tusikie. Akazungusha kigurudumu. Fomu kimya. Akaburuta. Mjukuu akataka kusema, nikamkanyaga mguu. Karatasi ikatoka, akanikabidhi bila kuitazama. Haya mzee, nenda ukatibiwe.

Leo nimevaa miwani ya bibi. Nimesoma herufi moja moja, kwa raha zangu. MENO.

Nimekuja taratibu, kwa heshima zangu zote, nimekaa kiti cha kwanza mlangoni pa daktari wa meno. Ndipo ninapoandika. Jino la mwisho liling'oka kabla mjukuu hajazaliwa! Nimemwomba muuguzi — yule yule wa Jumatatu — akamwite msimamizi, mgonjwa aliyemwandikisha kwa mkono wake amefika salama. Kaondoka huku kaziba mdomo.

Viatu vinakuja kwenye korido. Viatu vyake, na nyuma yake kandambili za mke wangu, mbio.

Nimeshaachama.