Kila Jioni Namsafirisha Baba Kaze

Mpendwa Shangazi Illuminée,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata mwandiko ukikuchosha, maana shule niliishia darasa la tano. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Kaze, ana miaka mitatu, tunapanga hapa Biryogo, Kigali, pamoja na mabukwe, yaani mama mzazi wa mume wangu. Mume wangu Nduwayo ni dereva wa watalii, alikuwa akiwazungusha wazungu nchi nzima kwa minibasi nyeupe, polepole, siku nane hata kumi, na akirudi ananisimulia mimi yote aliyowaambia wao, huku namenya viazi, hata pale wanaposimama kupiga picha ananionyesha kwa kidole ukutani, mpaka nikaijua nchi kwa masikio, kwa sababu mimi mwenyewe, Shangazi, sijawahi kuvuka mto Nyabarongo.

Mwishoni mwa Septemba ya mwaka wa tisini alipeleka wageni Kabale, kule Uganda, akasema analala huko siku moja anarudi. Vita ikaanza, barabara ya mpakani Gatuna ikafungwa, na mpaka leo hakuna aliyeniambia amekufa na hakuna aliyeniambia yuko hai. Na wewe unajua, ukisema mume wako yuko upande ule walikotokea waasi watu wanakuangalia vingine, kwa hiyo waliponiuliza nikajibu tu, yuko safari na wageni, wakanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Kaze alipoanza kusema akaniuliza, "Mama, baba iko wapi?" nikamjibu vilevile, lakini mtoto hatosheki na jibu la wakubwa, akataka kujua safari gani. Ndipo nikaanza. Jioni ya kwanza nikamweka baba Butare, penye nyumba za matofali mekundu na wanafunzi wanaotembea na vitabu chini ya miti mikubwa, jioni ya pili nikampitisha msitu wa Nyungwe, pale baba anawasha taa mchana kwa sababu ya ukungu na nyani wenye mabega meupe wanamchungulia kutoka juu, halafu Cyangugu, chai imelala juu ya vilima kama mkeka, halafu Kibuye na vile visiwa, halafu Gisenyi penye mchanga na minazi isiyozaa nazi, halafu Ruhengeri chini ya zile volkano, penye baridi na viazi vitamu kuliko vyote. Kaze anashika kifuniko cha sufuria kama usukani, kona ikifika analala upande. Nikiona baba amekaribia Kigali namgeuza, nasema wazungu wamesahau kofia Kibuye, au wanataka kuona tena pundamilia wa Akagera, na sijui nchi hii nimeizunguka mara ngapi.

Nikuambie ukweli, si kwa ajili ya mtoto tu. Nikisema "sasa anapunguza mwendo, anafungua dirisha," nyumba inajaa. Kaze akishalala napakua chakula, na mkono wangu bado unaacha upande wake wa sahani.

Mabukwe, jina lake Mukankusi, saa hiyo anakaa mlangoni anachambua maharage, ametupa mgongo. Jina la mwanawe hatujalitaja mimi na yeye tangu mwaka ule. Mara moja tu, niliposema wametoka Kibuye mchana wakala chakula cha jioni Gisenyi, alisema bila kugeuka, "Barabara ile kona tupu. Walale njiani." Na siku nilipokuwa na homa nikashindwa kusema, ni yeye aliyeuliza, "Leo wamelala wapi?" Nilidhani anamuulizia mtoto.

Sasa yamenifika. Wiki iliyopita Kaze aliona minibasi nyeupe barabara ya Nyamirambo, akachomoka mkononi mwangu akaikimbiza akiita baba, baba, mwanamke muuza maparachichi ndiye aliyemkamata shati, la sivyo leo ningekuandikia habari nyingine. Kesho yake tulipita na mabukwe kwa Gakwaya, fundi cherehani, mtu wa maneno, akamuuliza mtoto, "Wewe dereva, mzee wako yuko wapi leo?"

Kaze akamjibu, "Iko Gisenyi. Anaoga ziwani."

Gakwaya akacheka. "Mukecuru, bibi yetu," akamwambia mabukwe, "mwanao anaoga Gisenyi miaka mitatu, hajatakata tu? Na wazungu hao hawachoki kutazama? Mbona hata samaki, sambaza za kuonja tu, hutuletei?"

Mabukwe hakucheka. Akamwambia, "Nitazileta mwenyewe. Wewe tafuta mafuta ya kukaangia."

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, kuna safari ya Gisenyi. Andaa chakula cha watu watatu."

Watu watatu, Shangazi. Yeye, mjukuu wake, na mwanawe anayetegemea kumkuta huko. Ameshafua nguo yake ya misa, ameshaziba kikapu kilichotoboka. Nami nitabaki mlangoni nawapungia mkono, halafu wafike ziwani wasimkute mtu, na moyo wa mama mzee kama yule utavunjikia huko ugenini, mikononi mwa mtoto. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemuua mwanawe kwa mdomo wangu. Nisipomwambia atapanda basi. Watu wanasema kule Arusha kwenye mazungumzo amani iko karibu na barabara itafunguliwa, nami naamini atarudi, naamini kabisa, je, nisubiri kidogo? Nisaidie.

Mama Kaze, Biryogo

*

Mwanangu Mama Kaze,

Majina yenu yote nimeyabadilisha. Hata hivyo usingoje siku ukurasa huu wa gazeti utakapofungiwa sambusa hapo Biryogo, mabukwe akasomewa habari zake na mteja.

Kwanza pole. Mjane ana kilio chake, mke ana mume wake, wewe umeachwa katikati bila kimoja. Na ukimya wako kwa majirani siulaumu. Nyakati hizi kila nyumba ina jambo inalolifunika.

Pole imeisha, sasa nakugombeza. Hadithi ya jioni haina ubaya, lakini ya kwako haiishi, na mtoto anayesubiri mwisho wake ameanza kuutafuta barabarani, kati ya magurudumu. Muuza maparachichi hatakuwa pale kila siku. Huyo dereva wako lazima asimame, na usukani unao wewe.

Halafu hesabu yako ya chakula ni mbovu. Nyumbani kwenu mnakula wangapi? Mabukwe, Kaze na wewe. Hao ndio watatu. Umejiweka mlangoni kupunga mkono wakati mwenzio ameshakuhesabu kwenye kikapu.

Tena fikiri. Mama anayeamini mwanawe yuko Gisenyi, mwendo wa asubuhi moja kwa basi, angengoja sikukuu ipite? Angeondoka siku ileile na kitenge cha jikoni. Na huyu, katika miaka yote hii, amekutuma salamu hata moja kwa huyo msafiri? Ni nani aliyekurekebishia barabara ya Kibuye? Siku ya homa, ni nani aliyeuliza wamelala wapi? Mama huyu anajua, binti yangu. Anakaa pale mlangoni kwa sababu ni saa pekee mwanawe anapotembea, na amewapa mgongo ili usimwone uso. Mmekuwa wapweke wawili katika chumba kimoja, kila mmoja akimlinda mwenzake asisikie anachokijua.

Kama nimekosea, bado utamwambia. Leo. Kaa chini naye, shika upande wa pili wa ungo wa maharage, ulitaje jina: Nduwayo. Mengine atakusaidia yeye.

Kisha nendeni wote wawili Msalaba Mwekundu, wao hutafuta watu waliopoteana pande mbili za mpaka. Beba picha yake, jina la baba yake, siku aliyoondoka. Barabara ya Gatuna sitakuahidi, siishiki mimi. Endelea kutumaini, lakini tumaini lako litembee kwa miguu, lisikae ndani na kifuniko cha sufuria.

Mtoto mwambie maneno machache: baba alikwenda mbali, hatujui alipo, tunamtafuta, na hayumo katika minibasi zinazopita. Atalia. Mwache alie, uwe karibu.

Safari msiivunje, ila Gisenyi iacheni kwanza, ni mbali na vizuizi ni vingi. Chukueni vitambulisho na chakula chenu cha watatu, pandeni basi la Gitarama asubuhi, mvuke Nyabarongo, mshuke Ruyenzi pale juu. Kaeni majanini mpate kula. Mkishiba, mgeuze Kaze atazame mlikotoka. Nchi nzima umemzungusha, ila mji mmoja umekuwa ukiukwepa kila jioni. Mwonyeshe mlima Kigali ng'ambo ya mto, mwambie nyumba yetu iko mgongoni mwake, pale ndipo tunapokaa sisi watatu, na baba anapajua.

Shangazi Illuminée