Nyambura Hageuki Akiitwa

Mama,

Binti yangu wa pili nimempa jina lako, kama desturi yetu inavyotaka. Hukumwona. Ulikufa kwa kichomi ndani ya hema pale uwanjani Eldoret, mwaka ule walipotuchomea nyumba ya Moiben baada ya uchaguzi, naye akazaliwa miaka mingi baadaye. Sasa anakaribia miaka mitatu, na ukimwita Nyambura hageuki.

Nilidhani ni kiziwi. Lakini nikifungua pakiti ya biskuti jikoni, anatoka chumbani mbio. Hanyooshi kidole kuonyesha anachotaka. Anashika mkono wangu na kuupeleka kwenye thamosi, kana kwamba mkono hauna mwenyewe. Maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea. Hanitazami machoni, na hilo linaniuma, Mama, kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Dada yako, Tata Wangari, alikuja akamwangalia, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto hana shida," akasema. "Ni mwenye jina hajatulia. Tulimzika haraka haraka, tena mbali na shamba lake. Mbadilishe jina." Ilibaki kidogo nikubali. Lakini nakujua. Hata kuku wa jirani ulikuwa unashindwa kuwafukuza, utamfungaje mtoto mdomo?

Nikampeleka kliniki. Daktari alikaa naye sakafuni, akamwangalia akipanga vizibo vya soda mstari mmoja, akavivuruga kidogo, Nyambura akalia mpaka akatapika. Daktari akaniambia ni usonji, si laana ya mtu, na nimefanya vizuri kumleta angali mdogo. Nimefundishwa kuinama mbele yake na kumgusa bega kabla sijasema naye. Atajifunza, daktari anasema, polepole.

Hiyo polepole ndiyo sina. Uchaguzi umekaribia tena. Mama Chebet wa dukani, mwenyeji wa huku, ambaye humwekea Nyambura vizibo, juzi alimpa mfuko mzima kwa mara moja, na mimi hakuniangalia. Jirani yetu, mgeni huku kama sisi, amepeleka watoto wake kwao Nyeri, anasema ni likizo, na shule hazijafungwa. Hakuna anayeuliza kitu. Ninaogopa, Mama.

Nakumbuka jioni ile ulivyosimama nyuma ya ghala ukatuita kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, na kila mmoja akatoka alikojificha. Ndivyo tulivyopona. Nyambura nikimwita hivyo atabaki ameinamia vizibo vyake.

Jina simnyang'anyi. Lala salama, na maneno ya dada yako usiyaweke moyoni. Siku ile ikirudi, sitasimama nyuma ya nyumba nikiita. Nitamfuata alipo, nimguse bega, nimbebe.

Binti yako,
Wambui