Kwa Shangazi Fusae, Aliyeitazama Bahari Kichwa Chini

Mwaka umetimia, Shangazi Fusae, tangu asubuhi ile pazia la duka lako la tofu, jibini ile ya soya, lilipokosa mtu wa kulitundika, na mji mzima wa Ayabe ukajua hata kabla hatujashika simu.

Ulikuwa mtu wa watu. Aliyekuja kununua kipande kimoja cha tofu aliondoka na viwili, na habari za nyumba tatu juu yake. "Ingia, ingia, nani kakwambia una haraka?"

Na huyo paka wako Okara, mweupe kama machicha ya tofu uliyompa jina lake! Hakuwahi kumtazama mtu kama paka wa watu. Alipanda kabatini, akaning'iniza kichwa, akakutazama juu chini. Nawe uliinama ukageuza chako vilevile, mkatazamana. Wageni walicheka hadi chai ikawatoka puani.

Ulisema umemfundisha wewe, uliporudi kutoka safari yetu ya Amanohashidate. Pale kilimani watu huinama wakachungulia katikati ya miguu yao, na ule ukanda wa misonobari baharini ukageuka daraja la kwenda mbinguni. Uliinama wa kwanza. Mdogo wako, Shangazi Kinue, uso ulimwiva kwa aibu.

"Dada, watu wanatutazama!"

"Waache watazame, bure hiyo."

Yeye alikataa katakata kuinama.

Sasa amebaki peke yake na Okara. Wageni wamepungua, kumbe walikuja kwako. Kila jioni paka hupanda kabatini, huning'iniza kichwa, huutazama mto wako wa kukalia, kisha hugeukia ukutani.

"Mimi simfai," Shangazi Kinue alituambia. "Anamtafuta mwenyewe. Tukishasoma sala ya mwaka, paka nampa Mama Otsuki wa duka la mchele."

Basi tukasoma sala, na ubani ungali nguoni tukapanda treni kwenda kilima kilekile. Okara tulimbeba kapuni, maana nyumbani hakubaki mtu. Tulipiga picha, tukala wali wa kombe, tukacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Sauti yako haikuwepo, na pengo lake lilisikika.

Kileleni, Shangazi Kinue aliweka kapu chini, akabana sketi magotini, akainama. Akakaa hivyo hadi foleni nyuma yake ikaanza kukohoa. Mmoja wetu, Yasuto, akamsogelea.

"Shangazi, umekwama?"

"Niache. Bado sijamwona."

Hakuna aliyecheka. Ndani ya kapu, Okara alikuwa amegeuza kichwa juu chini, anamtazama yeye.

Jioni, tuliporudi nyumbani kwenu, Mama Otsuki alifika na sanduku la kumbebea paka.

"Haya, yuko wapi huyo paka?"

"Paka yupi?"

"We Kinue!"

"Kaa kwanza, chai ipo."

Aliondoka na sanduku tupu na habari za nyumba moja. Ni mwanzo.

Nasi ikabidi tuwahi treni ya kurudi kwetu. Tulipogeuka barabarani, dirisha lilikuwa wazi: Okara ananing'inia kabatini, na chini yake Shangazi Kinue ameinama, kichwa kimegeuka, wanatazamana. Hapakuwa na mgeni wa kuwacheka.

Unakumbukwa na mdogo wako Kinue, sisi watoto wa kaka yako, Yasuto, Chigusa na Masaki, wateja wako wote waliokuja kununua wakasahau kuondoka, na Okara.

Mto wako uko palepale, hakuna aliyeukalia. Hatutakusahau, Shangazi, siku zote za maisha yetu.